Klabu ya Baiskeli na Pipa la Asali

Sijawahi kuwa mwanamichezo. Naanza na ungamo hili kwa sababu kati ya karatasi zangu ipo moja, imegeuka manjano kwa uzee, inayonitaja kuwa katibu wa klabu ya baiskeli, na kila wanangu wakiiona hucheka mpaka wakashika ukuta. Wana haki yao. Klabu yenyewe iliishi siku tatu, ilikuwa na wanachama wanne, na baiskeli ya katibu haikuwa na breki.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya mkoloni ikipigana na wapiganaji wa msituni. Nilikuwa nimemaliza sekondari, niko nyumbani Majengo, mtaa wa Waswahili mjini Meru, nikingoja barua ya chuo kikuu na kujifanya naisaidia bucha ya baba. Kusaidia kwenyewe kulikuwa kupeleka nyama kwa baiskeli, na kusoma magazeti kabla hayajafungiwa nyama. Siku hizo mtu wa Meru hakuvuka kwenda Embu bila pasi yenye mhuri, na watu hawakukaa pamoja bila ruhusa. Shughuli ya mahari ilikuwa taabu kubwa kuliko zote. Fikiria wazee wamekaa duara, wanaongea kwa sauti ya chini, kuna mbuzi, kuna asali, na hakuna anayetaka mgeni asikie. Machoni pa serikali hapo palikuwa pamefanywa kila kitu isipokuwa kula kiapo cha watu wa msituni, na hata hicho hawakuwa na hakika.

Rafiki yangu mkubwa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alikuwa amemchumbia mwalimu mwenzake, msichana wa Embu, kwao karibu na Runyenjes. Mara mbili siku ya kupeleka mahari ilipangwa, na mara mbili ikapita. Ya kwanza alinyimwa pasi. Ya pili alipewa, lakini kijiji cha akina msichana kikafungwa wiki mbili, haingii mtu wala hatoki. Baba wa msichana alikuwa mpole, ila alikuwa pia baba. Akatuma neno: "Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Wasipofika, mimi nimesubiri kiasi changu. Yupo karani wa chifu ambaye hahitaji pasi kufika kwangu."

Karani huyo alikuwa ameshapeleka ratili nne za sukari. Rafiki yangu aliponiletea habari hiyo buchani, uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeambiwa shule imeungua.

"Nikiomba pasi ya kwenda kuoa watakataa," alisema.

"Basi usiombe ya kuoa," nikamwambia. "Niachie mimi."

Hapo ndipo elimu yangu ilipotoka nje kujionyesha. Nilikuwa nimemwona Bwana Disii, mkubwa wa wilaya, siku za Jumamosi uwanjani, amevaa kaptura, anapuliza filimbi ya mpira kwa furaha ambayo hakuwa nayo ofisini. Nikaketi nyuma ya bucha nikaandika barua ya Kiingereza, kurasa mbili. Nilieleza kwamba vijana wanne wa Meru wameunda klabu ya baiskeli kwa ajili ya afya na nidhamu, na wanaomba ruhusa ya kusafiri kwa baiskeli kandokando ya bahari, kutoka Malindi mpaka Mombasa. Babu yangu mzaa baba alitoka huko pwani na misafara, lakini mimi bahari nilikuwa sijaiona. Hilo halikunizuia kuieleza barabara yake kona kwa kona, pamoja na upepo wa chumvi na manufaa yake kwa mapafu.

Mwalimu aliisoma akashika kichwa. "Mimi nataka Runyenjes, wewe unanipeleka Malindi?"

"Baba yangu husema anayetaka mbuzi na aombe ng'ombe."

Tuliitwa ofisini baada ya siku nne. Bwana Disii alitutazama, akaitazama barua, akasema pwani haiwezekani kabisa kwa watu wa kwetu, na mtu mwenye akili angejua. Kisha akasimama mbele ya ramani ukutani. Alisema alipokuwa kijana kwao alipenda baiskeli mno. Kidole chake kikashuka ubavuni mwa mlima, polepole, kikasimama Embu. "Hii je? Ina milima. Itawakomaza." Tukajikaza tusirukeruke. Aliandika ruhusa kwa mkono wake: watu wanne, baiskeli nne, kwenda Ijumaa, kurudi Jumapili. Kila kituo cha walinzi kituhesabu na kutia sahihi. "Wanne watoke, wanne wafike, wanne warudi," alisema kwa Kiswahili, akiinua vidole vinne. "Mmoja akipotea, wote mtalala kwangu." Hakuwa na maana ya nyumbani kwake.

Wanachama wenyewe walikuwa hawa. Mwalimu, ndiye bwana harusi. Mjomba wake, katekista aliyepita miaka hamsini, msemaji wa ukoo katika mambo ya mahari, aliyepanda baiskeli wima kama amekaa kanisani. Fundi wa baiskeli wa pale sokoni, maana bila yeye tusingefika hata Nkubu. Na mimi. Ningependa kusema nilichaguliwa kwa ajili ya barua. Nilichaguliwa kwa ajili ya kikapu. Baiskeli ya bucha ilikuwa na kikapu kikubwa cha chuma mbele, cha kubebea nyama, na kwa Wameru unaweza kuchelewa na ng'ombe, ukaahidi kondoo, lakini ukienda bila asali hujasema neno. Asali ilikuwa katika pipa dogo la mti lililochongwa, kifuniko cha ngozi kimefungwa kwa kamba, na liliingia katika kikapu kile kama lililozaliwa humo. Breki nilikuwa nikitumia soli ya kiatu.

Tulitoka Ijumaa alfajiri tukiwa na mashati meupe yenye mstari wa buluu kifuani, kwa sababu nilishikilia kwamba klabu lazima iwe na sare. Sokoni Gakoromone akina mama walikuwa wanapanga kabichi na ndizi.

"Hee! Malaika wanaenda wapi na baiskeli?" mmoja akaita.

"Huyu wa mwisho malaika wa nyama," mwingine akajibu. "Mimi namjua, bado ana deni langu la mfupa."

Anayeijua barabara ya zamani ya Meru kwenda Embu anajua kwamba si barabara, ni mfululizo wa mito. Unashuka mtoni, unavuka daraja la mbao, unapanda, unapumua, unauona mto mwingine chini yako. Mlima ulikuwa kuliani kwetu, umejifunika. Kupanda tulikuwa sawa, kwa maana wote tulisukuma. Kushuka kulikuwa jambo langu binafsi. Mteremko wa kwanza niliwapita wenzangu wote nikipiga kelele za onyo, miguu hewani, pipa likinitangulia kana kwamba ndilo linaloendesha. Nilisimama katika kichaka cha migomba. Pipa halikudhurika. Hakuna aliyeuliza habari zangu kabla ya kulikagua.

Fundi akapata dawa. Alifunga kamba chini ya kiti changu, mwisho wake akaushika yeye nyuma yangu, kwa kuwa baiskeli yake ilikuwa na breki mbili nzima. Tangu hapo niliteremka kila bonde nikiwa nimefungwa kamba.

"Afadhali," mjomba akasema, akipita wima kando yangu. "Mbuzi wa mahari amepatikana."

Tulilala Chuka kwa katekista mmoja, mwenzake mjomba. Vituo vitatu vilikuwa vimeshatia sahihi, wanne na baiskeli nne, na walinzi walikuwa wamecheka mashati yetu na kutupisha. Asubuhi ya Jumamosi, tulipokuwa tunakunywa uji, mjomba alitupa mafunzo ya mwisho.

"Leo tunaingia kwa wakwe. Wewe mwalimu, ukiona mwanamke wa makamo njiani, toka barabarani, geuka. Huwezi kujua ni nani."

Kwa wale wasiojua, hili ndilo tunaliita nthoni: heshima iliyochanganyika na haya kati ya mwanamume na mama wa mkewe. Hawatazamani, hawapeani mikono, hawatajani majina. Mimi nililijua kama ninavyojua mito ya Ulaya, kwa kusoma tu. Majengo kwetu bibi, mama wa mama yangu, alikula sahani moja na baba na wakagombania mifupa.

"Na wakikutana ana kwa ana mahali hapana pa kupitia?" nikauliza.

"Anaondoka. Hata kama ni kuruka mtoni."

"Hata kama kuna simba?"

"Simba hadai heshima," mjomba akasema, akamaliza uji wake.

Mto Thuci ndio mpaka. Tuliuvuka saa nne hivi za asubuhi, tukaanza kusukuma kupanda upande wa Embu. Juu kulikuwa na kituo: boma la miti iliyochongwa ncha, na homugadi mmoja, mlinzi wa kienyeji wa serikali, mtu mzima mwenye koti refu na bunduki. Pande zote mbili za barabara vichaka vilikuwa vimefyekwa kwa amri, ili mtu asijifiche. Hatua kama hamsini mbele, kundi la wanawake lilikuwa likichimba mitaro ya kuzuia udongo, ile kazi ya lazima ya kila asubuhi, na majembe yao yalipanda na kushuka.

Homugadi alituhesabu. Wanne. Akahesabu baiskeli. Nne. Akaisoma ruhusa polepole, midomo ikitembea. Halafu akaliona pipa.

"Hii nini?"

"Asali," nikasema haraka, nikiwa katibu. "Chakula cha wanamichezo. Inatia nguvu."

"Pipa mzima? Watu nne?"

"Tunakula sana."

Alizunguka kikapu changu. "Asali ya hivi ni ya kutengeneza pombe. Na pombe ya hivi ni ya watu wakae pamoja usiku waongee maneno mbaya. Nyinyi hamjulikani hapa. Nani wa huku anawajua?"

Mjomba akakohoa. Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama tairi lake la mbele kana kwamba limeandikwa kitu.

"Hakuna," mwalimu akasema.

"Basi mtakaa hapa mpaka mkubwa arudi. Labda jioni. Labda kesho."

Jioni, labda kesho! Jumamosi ilikuwa ndiyo hii, na haikuwa na dada yake. Akilini nikamwona karani anaingia kwa mlango wa akina msichana na ratili nyingine nne za sukari. Nikatupa macho huku na huku nikitafuta mtu yeyote wa kutuokoa, na hapo, kati ya wale wanawake wa majembe, nikamwona mmoja niliyemjua. Miezi michache nyuma nilikuwa nimepita Runyenjes na lori la baba, tukienda Kiritiri kununua mbuzi, nikapeleka barua ya mwalimu nyumbani kwa msichana. Mama huyu alinipa uji, akaniuliza kama Majengo watu wote ni wembamba hivi. Moyo wangu ukafurahi. Nikanyoosha mkono na kusema kwa sauti ya mtu aliyesoma:

"Mbona yupo! Yule mama pale anamjua huyu mwalimu vizuri kabisa! Ni mama mkwe wake!"

Nimesimama mbele ya madarasa mengi tangu siku hiyo, na nimesema mengi ya kipumbavu, lakini sijawahi tena kunyamazisha watu kwa kiasi kile. Majembe yalisimama. Mwalimu aliinua kichwa bila kutaka, akaona alichoona, akaiachia baiskeli ikaanguka, akakimbia.

Alikimbia kukata ule uwanja uliofyekwa, shati jeupe, mchana kweupe, kutoka kwenye kituo cha serikali, mbele ya mtu mwenye bunduki. Miaka ile watu walipigwa risasi kwa kukimbia kidogo kuliko hivyo. Homugadi akapaza sauti, "Simama!" Mwalimu hakusimama. Bunduki ikapanda begani. Nilitaka kusema neno, na kile Kiingereza changu chote, na Kiswahili, na Kimeru cha mama yangu, vyote vilikuwa vimekwenda likizo.

Sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke.

"Usipige! Wewe, usipige! Ananikimbia mimi, hakukimbii wewe!"

Mama yule alikuwa ametupa jembe, ametugeuzia mgongo, amevuta kitambaa cha kichwani mpaka usoni. Alipiga kelele akiwa anautazama mlima.

Bunduki ilibaki pale ilipo kwa muda ambao sitaki kuupima. Kisha homugadi akaitelemsha kidogo. Akamtazama mama aliyegeuka. Akatazama kule mwalimu alikokuwa, au tuseme asikokuwa, maana alikuwa ametumbukia katika mtaro uliochimbwa asubuhi ile na kulala kifudifudi. Nikaona uso wa homugadi unabadilika, unakuwa uso wa mtu mwenye nyumba na mke, na mke huyo ana mama.

"Ni ya kweli, mama? Huyu ni wako?"

"Ni wa kwangu. Analeta maneno leo."

"Sema jina yake niangalie kwa pasi."

"Silitaji!" mama akafoka, kama ameambiwa avue nguo. "Wewe ulizaliwa wapi?"

Mwanamke mwingine akalitaja jina badala yake. Homugadi akaliangalia katika karatasi, akaitikia kwa kichwa. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akaegemea boma. "Mimi," akasema akifuta macho, "mimi wangu nilikutana naye darajani. Nikaruka. Maji ilikuwa hapa." Akaonyesha kifua.

Lakini karatasi ilikuwa bado mkononi mwake, na ilisema michezo. Ilinibidi niulize. Mjomba alinitangulia.

"Mzee mwenzangu, sasa umejua tunakwenda wapi. Utatuandika nini?"

"Nimeambiwa nihesabu watu nne na baiskeli nne. Sijaambiwa nihesabu mahari." Akapapasa kifuniko cha pipa kwa kidole, juu ya ngozi tu. "Hii siwezi kuomba hata kidogo?"

"Haifunguliwi njiani," mjomba akasema.

"Najua. Nilikuwa najaribu." Kisha akageuka, akawapigia kelele wanawake kwa ukali wa serikali: "Nyinyi wote! Endeni mchimbe ile upande ya juu! Mnaangalia nini? Haraka!"

Wakaondoka, majembe begani, wakicheka kwa mgongo. Mama mkwe alikuwa wa kwanza. Walipofichwa na kilima, mtaro ulimtoa mwalimu. Udongo wa Embu ni mwekundu kama matofali, na alikuwa ameuvaa kuanzia nywele. Homugadi alimgusa bega, akahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne. Akatia sahihi.

Tulisukuma baiskeli kupanda. Nilingoja kutukanwa. Hatimaye mjomba akasema, "Mtoto wa Majengo, ukifika chuo kikuu, waombe wakufundishe kunyamaza. Hata kama ni ada ya ziada." Mwalimu alitangulia. Baadaye nilimwona mabega yake yanatikisika, na nilidhani analia mpaka nilipomfikia.

Tulifika kijijini kabla ya saa saba. Habari zilikuwa zimetutangulia, sijui kwa njia gani, kwa kuwa wanawake walikuwa bado kazini. Baba wa msichana alimtazama mkwe wake mwekundu, akatutazama sisi weupe.

"Ndiyo klabu hii?"

"Ndiyo hii," mjomba akasema.

"Huyu mmoja mbona rangi yake ni nyingine?"

"Huyo ndiye nahodha."

Mzee alicheka mara moja tu, fupi, akatukaribisha. Pipa likapelekwa ndani. Mimi sikuingia katika maneno yale, nilikuwa kijana na tena wa Majengo. Nilikaa nje na fundi tukiziba pancha. Lakini nilimwona msichana akipita na maji ya mchumba wake kunawa. Alisimama mbele yake na bakuli la maji, akamtazama yule mtu wa udongo kutoka juu hadi chini. "Nilikuwa nimeanza kuizoea ile sukari," akasema. Halafu akammwagia maji mikononi, polepole. Mchana akina mama waliporudi, ililetwa kwangu kibuyu kikubwa cha uji, kikubwa kuliko cha mtu yeyote. Aliyekileta alisema kimetoka jikoni, kwa yule mwembamba mwenye mdomo.

Jumapili, kabla ya kuondoka, mwalimu alimwomba fundi amuuzie kengele ya baiskeli yake. Fundi akaifungua, akamfungia bure, zawadi ya harusi. Tulipokaribia kona ya mitaro mwalimu alianza kuipiga, kring, kring, kring, mpaka tukapita. Miaka yote iliyofuata alifanya hivyo kila alipokwenda kwa wakwe. Mama aliisikia kutoka mbali, akaweka chini alichoshika, akaingia ndani au nyuma ya migomba. Hakuna aliyekimbia tena. Nilipata kumsikia akiwaambia wajukuu wake, "Baba yenu anakuja, sikieni," na alisema hivyo kwa fahari, akiwa tayari amegeuka.

Pwani tulifika, mwishowe. Mwaka juzi, bila kuomba ruhusa kwa mtu, mimi na mwalimu tulipanda baiskeli kutoka Malindi kushuka Kilifi, wazee wawili wenye magoti yanayolalamika. Yangu ilikuwa na breki mbili. Niligundua kwamba barua yangu ilikosea karibu kila kona, na kwamba upepo wa chumvi hausaidii mapafu hata kidogo ukiwa unakupiga usoni. Mwalimu alitangulia, wima kama mjomba wake, na kila palipokuwa na kona alipiga kengele. Barabara ilikuwa tupu. Nikamfikia nikihema, nikamuuliza anampigia nani, huku hana mkwe.

"Mimi sina," akasema, bila kugeuka. "Lakini mama mkwe wa mtu hakosi." Akapiga tena.